Masufuria ya mtaa: namna ya kuanzisha kikundi cha kufa na kuzikana mahali ambapo watu hawafanani

Kijana mmoja alikuwa amepanga chumba cha uani, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Alikaa karibu mwaka mzima. Tulimjua kwa pikipiki yake na kwa "shikamoo mama" ya kila asubuhi. Alipofariki ghafla tukagundua kwamba katika nyumba ile ya wapangaji saba hakuna aliyejua jina la baba yake, wala kwao ni wapi, wala kama ni Mwislamu au Mkristo. Simu yake ilikuwa na namba ya siri. Siku mbili tulibaki tunabahatisha, mpaka siku ya tatu simu ikaita yenyewe: mama yake alikuwa anapiga kumjulia hali.

Mimi ndiye niliyepokea simu ile. Mwezi uliofuata tulianzisha kikundi cha majirani cha kusaidiana kwenye misiba, na nimekuwa katibu wake tangu siku hiyo.

Mtaa wetu uko pembezoni mwa Dar es Salaam, kule ambako mashamba ya mikorosho yaliuzwa kipande kwa kipande. Wapo Wazaramo wenye ardhi ya asili, wapo waliokuja kutoka Kilimanjaro, Mbeya, Kagera na Kigoma, wapo watumishi wa serikali waliojenga nyuma ya ukuta wenye nyaya za umeme, na wapo wapangaji wa chumba kimoja, waendesha bodaboda, mama lishe na wauza mkaa. Msikiti uko mmoja, makanisa manne. Mikutano ya kuhimizana umoja tumeitishiwa mingi, tukapiga makofi, tukarudi kila mtu kwake. Kilichotufanya tuanze kujuana ni masufuria: kuyanunua pamoja, kuyaosha kwa zamu na kugombana juu ya nani kayarudisha na masizi. Kwa hiyo ninayoandika hapa ni ya mtu aliyeosha masufuria hayo.

Hatua ya 1: Piga hodi kabla ya kuitisha mkutano

Kosa la kawaida ni kubandika tangazo kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, kisha kushangaa kwamba waliokuja ni walewale kumi wanaokuja kila siku. Tafuteni watu watatu au wanne wasiofanana: mwanamke na mwanaume, mwenye nyumba na mpangaji, mtu wa msikitini na mtu wa kanisani. Zungukeni nyumba kwa nyumba kwa wiki mbili. Kwenye nyumba ya wapangaji usiongee na mwenye nyumba peke yake ukadhani umemaliza. Kila chumba chenye jiko lake ni kaya.

Nyumba za mageti zina taabu yake. Anayefungua ni mlinzi au dada wa kazi, naye ameambiwa aseme wenyewe hawapo. Sisi tuliacha kugonga mchana, tukaenda Jumapili saa 11 jioni, wakati mtu amekaa barazani na watoto. Usianze na pesa, kwa sababu mtu wa geti amezoea kuombwa, na ukitaja mchango atatoa elfu ishirini ili uondoke. Muulize swali moja tu: "Usiku huu ukipatwa na jambo, nani wa mtaa huu ana namba ya ndugu yako?" Wengi hunyamaza kidogo, halafu wanakukaribisha ndani.

Kabla ya kuanza kuzunguka, mpelekee taarifa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji. Ni adabu, na pia ni kinga, maana watu wanaopita mlango hadi mlango wakiandika majina hushukiwa upesi. Mjumbe wa nyumba kumi naye mwambieni, ila mjue mnazungumza na nani. Mfumo huo ulianza miaka ya 1960 chini ya TANU, na tangu vyama vingi viliporudi mwaka 1992 mjumbe amebaki kuwa kiongozi wa chama, yaani CCM, siyo wa serikali ya mtaa. Ni jirani kama wengine na anajua kila mtu, mtamhitaji. Lakini daftari la kikundi likikaa mikononi mwake, wale wa vyama vingine hawatajiandikisha. (Wenzetu wa Kenya walipochukua jina la Nyumba Kumi mwaka 2013 waliliweka kwenye ulinzi wa mitaa. Lengo lao lilikuwa jingine kabisa, kwa hiyo msiige kila kitu.)

Hatua ya 2: Chagueni saa ambayo haimtupi mtu nje

Mnaweza kumfukuza mtu bila kumwambia neno, kwa saa tu. Ijumaa mchana Waislamu wako kwenye swala. Jumamosi Wasabato wako kanisani. Jumapili asubuhi Wakristo wengine wote hawapo. Siku za kazi watu wa ofisini wanafika nyumbani saa 2 usiku wakiwa wamechoka na foleni. Mama lishe anafunga baada ya chakula cha mchana. Sisi tuliishia Jumapili ya kwanza ya mwezi, kuanzia saa 10 na nusu jioni, na lazima tumalize kabla ya saa 12 ili anayekwenda kuswali Magharibi aende kwa utulivu. Mwezi wa Ramadhani tunafupisha mpaka nusu saa, maana wanawake wanaandaa futari.

Mahali napo. Ukumbi wa kanisa ni mzuri na wa bure, uwanja wa msikiti vilevile, na vyote viwili msivitumie. Ofisi ya serikali ya mtaa inafaa, au chini ya mwembe wa mtu ambaye hana makuu.

Lugha ya mkutano ni Kiswahili, hata kama waliokuja siku hiyo karibu wote ni wa kabila moja. Vicheko viwili vya kilugha vinatosha kumfanya mgeni aone ameingia ukoo wa watu.

Hatua ya 3: Andikeni nani anahesabiwa, na muache kila kaya iseme yenyewe

Hapa ndipo vikundi vingi hufia, na hapa nitakawia.

Katiba nyingi za kunakiliwa huandika kwamba kikundi kitachangia "mwanachama, mke au mume wake, watoto wake na wazazi wake". Inasomeka vizuri. Sasa ilete kwenye mtaa wa watu kweli. Yupo mzee mwenye wake wawili, mmoja yuko hapa na mwingine Rufiji. Wapo vijana walioishi pamoja miaka sita bila ndoa ya kanisani wala ya msikitini wala ya bomani. Yupo mama anayelea watoto wanne wa marehemu dada yake, wa kwake hana hata mmoja. Yupo mpangaji ambaye hana ndugu anayemtaja. Yupo dada wa kazi ambaye, kwa mtazamo wa mwajiri wake, si mwanafamilia, ilhali analala humo na anapika humo.

Mwaka wa kwanza tulikaa mikutano mitatu tukijadili mke wa pili. Wakristo wakasema si haki, mtu mmoja alipe mchango mmoja halafu apate wake wawili na wakwe wanne. Waislamu wakasema ndoa yake ni halali, ninyi ni nani muikatae? Akainuka mtu akauliza kuhusu wale vijana wasio na ndoa, kelele zikazidi, watu wakaanza kutajana majina. Mkutano wa tatu walikuja wachache.

Aliyetuokoa ni fundi cherehani mmoja, mtu asiyependa maneno. Alisema: kila kaya ipewe nafasi sita. Wajaze wenyewe majina sita wanayoyataka, kila jina na namba ya simu ya ndugu mmoja. Tusiulize huyu ni nani wako.

Tangu siku hiyo hatujawahi kujadili ndoa ya mtu. Mzee aliandika wake zake wawili na watoto, akaacha wazazi kwa kuwa walishatangulia. Yule mama aliandika watoto wa dada yake. Kijana anayeishi peke yake aliandika mama yake, bibi yake na mdogo wake, akabakiza nafasi tatu. Dada wa kazi aliandikwa na waajiri wawili kati ya watano, na hilo lilitufundisha jambo kuhusu wale watatu waliobaki. Tukaongeza kifungu: mtu yeyote anayelala kwenye mtaa huu anaweza kujiandikisha kama kaya yake mwenyewe. Dada wawili walifanya hivyo.

Orodha ijazwe upya kila Januari. Mtoto akizaliwa anaongezwa wakati wowote kama nafasi ipo. Jina likiingizwa leo, msaada wake uanze baada ya miezi mitatu, la sivyo mtu atamwandika mgonjwa aliyeko mahututi. Linauma kulisema mbele za watu, lakini semeni. Na kwenye kila fomu kuwe na mistari miwili ambayo ingetusaidia kwa yule kijana: "Kwetu ni wapi (mkoa, wilaya, kijiji)" na "Ningependa kuzikwa kwa taratibu za...". Wengine watasita kujaza mstari wa pili, wanaona ni kujitabiria. Msiwalazimishe. Mpeni mtu bahasha, ajaze nyumbani, aifunge, ikae kwa katibu bila kufunguliwa.

Hatua ya 4: Mchango uwe mdogo na uwe sawa

Kutakuwa na mtu mwenye moyo mzuri atakayesema wenye uwezo watoe zaidi. Kataeni kwa upole. Anayetoa elfu kumi mwenzake akitoa elfu mbili, hata asipotaka, baada ya miezi sita atakuwa ndiye msemaji, na yule wa elfu mbili atakuwa anakaa nyuma. Pangeni kiwango ambacho muuza mkaa anaweza kukitoa bila kukopa. Mwenye zaidi atoe kwa namna nyingine: gari lake libebe vyombo, uwanja wake upokee turubai, kisima chake kitoe maji. Hivyo havipigiwi kura.

Chukueni mfano wa kaya 60, kila moja shilingi 3,000 kwa mwezi. Ni 180,000 kwa mwezi, au 2,160,000 kwa mwaka. Mkipanga 400,000 kwa msiba wa mtu anayeishi mtaani na 200,000 kwa aliyeandikwa ila anaishi mbali, mwaka wenye misiba mitatu ya hapa na minne ya mbali utakula 2,000,000. Mnabaki na 160,000, yaani hata turubai la maana hamnunui. Na kaya 10 zikiacha kulipa mwaka mzima, mtakusanya 1,800,000, mko chini kwa laki mbili. Fanyeni hesabu hii ubaoni, mbele ya wote, kabla ya kupitisha kiwango. Watu wanaopiga kelele kwamba msaada uongezwe hunyamaza wanapoona kutoa kunakuja kabla ya kujumlisha.

Pesa zikae sehemu mbili. Nyingi ziwe benki, kwenye akaunti ya kikundi yenye waweka saini watatu wasio wa familia moja wala dini moja. Kiasi cha msiba mmoja kikae kwenye simu ya mweka hazina, kwa laini iliyosajiliwa kwa kazi hiyo tu, kwa sababu nitakayoieleza kwenye hatua ya saba. Ili mfungue akaunti mtahitaji kuandikishwa halmashauri, na mlango wake ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Nendeni na katiba, orodha ya wanachama na muhtasari wa mkutano uliowachagua viongozi.

Mtashawishika kukopeshana, maana pesa ikikaa inawasha mikono. Mkianza kukopeshana mmeingia kwenye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, kwenye daraja la nne la vikundi vya kijamii, na mna usajili mwingine wa kufuata. Wanaotaka vicoba waanzishe vicoba pembeni. Pesa ya msiba isikopeshwe hata kwa siku mbili, kwa sababu kifo hakisubiri marejesho.

Hatua ya 5: Nunueni vyombo, na muandike visivyopikwa humo

Tulianza na sufuria kubwa tatu na miiko yake, ndoo sita, majaba mawili ya maji, majamvi manne, turubai na viti 50 vya plastiki. Viti vina namba ya rangi nyuma. Kila mwaka hupotea vinne, na kila mwaka tunaulizana kama hatuna adabu.

Neno la sufuria ni zito kuliko linavyoonekana. Mwislamu hatakula kwenye sufuria asiyoijua historia yake, na hatakwambia: atasema ameshiba. Kwa hiyo ikaandikwa kwenye katiba kwamba kitimoto (nyama ya nguruwe) haiingii kwenye vyombo vya kikundi, na pombe hainunuliwi kwa pesa ya kikundi. Nilidhani watu wa Moshi na Mbeya watalalamika. Hakuna aliyelalamika. Wanaotaka mbege baada ya mazishi wanaipata kwao, na vyombo vya kikundi vinarudi stoo vikiwa safi kwa kila mtu.

La kuchinja liandikwe pia, msiliache kwa mazoea. Kwetu, mnyama wa shughuli ya kikundi huchinjwa na Mwislamu, hata msiba ukiwa wa mchungaji, ili wote wale. Familia ikitaka kuchinja wenyewe, ni haki yao, basi nyama hiyo ipikwe kwa vyombo vyao na watu waambiwe mapema. Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka Februari 2013 kule Buseresere, mkoani Geita, ugomvi wa nani achinje ulivyofika mpaka kumwaga damu ya mtu. Mistari miwili kwenye katiba ni bei rahisi mno.

Hatua ya 6: Zamu za kazi, na faini msizitegemee

Mwanzoni tuliweka faini ya 5,000 kwa asiyehudhuria. Wapangaji wakakimbizana kuja. Watu wa mageti wakalipa elfu tano zao kwa simu, na ujumbe wa pole, wakabaki ndani. Kumbe tulikuwa tumewauzia ruhusa ya kutokuja, tena kwa bei nafuu. Tukaifuta.

Badala yake tuligawa kaya kwenye makundi ya kumi kumi kwa kura: vikaratasi kwenye kofia. Kura ni muhimu, kwa sababu mkiachiwa mchague, ndugu watakwenda kwa ndugu. Kundi lenye zamu ndilo linalobeba viti, kuchota maji, kupika, kuosha na kukesha. Kwenye kila kundi anatajwa mtu, siyo kaya: "Baba fulani, mkesha." Hawezi kumtuma dada wa kazi.

Mkesha ndio uliowaleta watu wa ofisini. Mchana hawapo, na hilo si kiburi, ni ajira. Usiku wanaweza. Mtu ambaye miaka mitatu mlimjua kwa rangi ya gari lake, mkilala naye jamvi moja chini ya turubai mpaka saa 11 alfajiri, mkinywa kahawa ileile ya tangawizi, atakuambia habari za mtoto wake anayemsumbua shule. Nimeona kwa macho yangu mhasibu na dereva wa bajaji wakiazimana shuka. Hawakuwa marafiki wakubwa baada ya hapo, nisidanganye. Ila sasa bajaji ile ndiyo inayompeleka mama wa mhasibu kliniki, na pesa inalipwa mwisho wa mwezi bila mtu kuandika deni.

Wazee na wagonjwa wapewe kazi za kukaa: kupokea rambirambi, kuandika daftari, kuwaelekeza wageni njia.

Hatua ya 7: Msiba ukitokea

Saa mbili za kwanza zina kazi tatu: mtendaji wa mtaa apewe taarifa, bahasha au fomu ifunguliwe, na ndugu aliyeandikwa apigiwe simu na mtu mmoja tu. Si watu kumi. Nimeshuhudia mzazi akipata habari ya kifo kwa mtu aliyedhani ameshaambiwa.

Halafu jueni saa inavyokwenda tofauti. Kwa Waislamu aliyefariki alfajiri huenda akazikwa baada ya swala ya Adhuhuri au Alasiri siku hiyohiyo. Pesa iliyoko benki haina maana hapo, ndiyo sababu ya ile laini ya simu. Kwa Wakristo wengi kuna kusubiri ndugu, ibada, kuaga mwili, na pengine safari ya kwenda kuzika mkoani, kwa hiyo gharama kubwa ni basi na mafuta, na turubai hukaa siku tatu au nne.

Bajeti yetu ya kwanza ilikuwa na mstari mmoja kwa wote: "jeneza". Wazee wa msikitini walicheka sana. Jeneza lao ni la msikiti, linambeba marehemu mpaka kaburini kisha linarudi kumsubiri mwingine. Kinachonunuliwa ni sanda. Neno moja, vitu viwili. Tangu hapo fomu ya matumizi haina vifungu. Familia inapewa kiasi kizima kwa mkono, mbele ya mashahidi wawili, wanunue wanachohitaji. Hata jina la mchango linatofautiana, huyu anasema rambirambi, yule anasema ubani. Daftari letu limeandikwa yote mawili.

Kuna jambo moja lilijipanga lenyewe nasi tukalikuta. Kwenye mazishi ya Wakristo wanawake nao huenda makaburini, kwa hiyo jikoni hubaki tupu saa ileile ambayo watu mia wanakuja kula. Wanawake wa Kiislamu wa mtaa wetu kwa kawaida hawaendi makaburini. Basi siku hiyo masufuria ni yao. Nao wakifiwa, wanaume wakiondoka na jeneza, wanawake wote, wa dini zote, wako uani pamoja. Mkipanga zamu za upishi, anzeni na ukweli huo.

Msisahau watani. Mngoni akifa na Wahehe wako mtaani, au Mnyamwezi akifa mbele ya Wazaramo, vituko vitakuwepo: mtu atavaa nguo za marehemu na kumwigiza, mwingine atalala kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. Mwaka fulani jirani mmoja aliyekulia mbali na mambo haya alitaka kumpiga mtani aliyekamata majembe. Alidhani ni dharau kwa marehemu. Sasa mwanakikundi mmoja hukaa karibu na wageni na kuwaeleza mapema, na shilingi elfu chache za watani ziko kwenye bajeti kabisa.

Kikundi kiseme wazi kinapoishia. Sisi tunaishia siku ya kuanua matanga. Khitma, arobaini, misa ya kumbukumbu na kuweka msalaba ni vya familia na dini yake. Anayekwenda anakwenda kwa mapenzi yake. Wengi wanakwenda.

Hatua ya 8: Mwaka wa uchaguzi

Uchaguzi wa serikali za mitaa huja kila baada ya miaka mitano, na mgombea yeyote mwenye akili ataona kwamba mna orodha ya kaya 60 zenye namba za simu. Orodha hiyo haitoki. Kiongozi wa kikundi akichukua fomu ya kugombea, anajiuzulu siku hiyohiyo, hata kama ni mtu mwema. Zawadi za turubai lenye jina na picha ya mtu zirudishwe. Sisi tuliletewa viti 100, tukavikataa kwa barua ya heshima, na bado kuna wanachama wanaonilaumu kwa hilo. Huenda wana haki. Viti 100 ni vingi. Lakini kila msiba baada ya hapo tungekuwa tumemkalia mtu mmoja.

Kundi la WhatsApp liwe la taarifa tu, viongozi ndio waandike. Na lisiwe njia pekee: bibi mwenye simu ya kitochi alikosa misiba miwili mwaka wetu wa kwanza, akadhani ametengwa kwa sababu ya umaskini wake, na ilituchukua muda mrefu kumrudisha. Siku hizi kila kundi la zamu lina mtu wa kupiga hodi kwa wasio na simu za kuperuzi.

Hesabu zisomwe kila mkutano, kwa sauti, hata kama hakuna kilichoingia. Zibandikwe ukutani kwa mwezi mzima.

Hatua ya 9: Stoo na ufunguo

Hili linaonekana dogo mpaka usiku wa manane mnapohitaji sufuria na mwenye ufunguo amesafiri. Stoo isiwe nyuma ya geti lenye mbwa, wala kwenye jengo la dini yoyote, wala kwa mwenyekiti. Yetu ni chumba kidogo tunachokipanga kwenye nyumba ya wapangaji, ileile aliyokuwa anakaa yule kijana, uani. Funguo ni tatu. Mmoja uko kwa mweka hazina na mmoja kwa kiongozi wa kundi lenye zamu. Wa tatu unaning'inia kwa muuza mkaa wa njia panda, kwa kuwa yeye analala karibu na magunia yake na saa 10 alfajiri ameshaamka. Anayechukua anaandika jina kwenye daftari lililofungwa kwa kamba kwenye mlango, na anaandika idadi: sufuria ngapi, viti vingapi, saa ngapi. Anayerudisha anasaini pembeni. Sufuria ikirudi na masizi, muuza mkaa haipokei.